Lango la Kaya: Jinsi Kompyuta Kuukuu Inavyoweza Kugawa Intaneti Nyumbani

Utangulizi

Katika miji ya Kahama, Geita na Katoro, hali kadhalika katika vitongoji vya Manispaa ya Shinyanga, si jambo la ajabu kukuta watu wanane au kumi wakiishi ndani ya ua mmoja. Baba ni mchimbaji mdogo wa dhahabu, mama anauza nafaka sokoni, watoto wawili wako shule ya sekondari, na shangazi ni mshonaji. Kila mmoja ana simu yake, na kila mmoja hununua kifurushi chake cha intaneti. Kifurushi cha mwanafunzi kikiisha saa nne asubuhi, hukaa bila kitabu hadi apatikane mtu wa kumsaidia. Wakati huohuo kifurushi cha shangazi hufikia mwisho wa muda wake usiku wa manane, hali nusu yake haijatumika.

Tuseme watu sita wa ua huo hutumia shilingi 1,000 kila mmoja kwa siku. Jumla ni shilingi 6,000 kwa siku, sawa na shilingi 180,000 kwa mwezi wa siku 30. Fedha hizo zikiwekwa katika chungu kimoja, huenda zikatosha kulipia njia moja ya kudumu itumikayo na wote. Kila kaya haina budi kufanya hesabu hiyo kwa bei za mahali pake kabla ya kununua kifaa chochote.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi kompyuta moja, hata ikiwa kuukuu, inavyoweza kusimama mlangoni mwa kaya na kugawa njia moja ya intaneti kwa vifaa vyote vya ndani. Ziko ruta ndogo za dukani zifanyazo kazi hiyo, na kwa nyumba nyingi hizo zatosha. Lakini anayejenga lango lake mwenyewe hupata mambo mawili zaidi: hulitawala apendavyo, na huelewa yanayotendeka ndani yake.

1. Njia iliyofika Kanda ya Ziwa

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na katazo hilo lilidumu kwa miaka mingi. Intaneti ilipoanza kuenea nchini katika miaka ya 1990, ilipitia zaidi kwenye satalaiti. Satalaiti za aina hiyo huelea kiasi cha kilometa 35,786 juu ya ikweta. Ishara ikipanda na kushuka hutumia takriban robo ya sekunde, na jibu lake hutumia robo nyingine. Ndiyo sababu mazungumzo yalikuwa ya kusuasua na gharama ilikuwa kubwa.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 2009, mkongo wa chini ya bahari uitwao SEACOM ulipofika Dar es Salaam. Mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano nao ulianza mwaka 2009, na nyuzi zake za kioo zikafika Shinyanga na Mwanza. Hivyo mtu wa Nyarugusu afunguapo ukurasa ulioko Ulaya, ombi lake hupita hewani kutoka simu yake hadi mnara, kisha husafiri kwa mwanga ndani ya nyuzi hizo hadi pwani na ng'ambo ya bahari. Sehemu ya safari iliyo ghali na nyembamba ni ile ya mwisho, kutoka mnarani hadi nyumbani. Hiyo ndiyo inayostahili kugawanywa kwa busara.

2. Fumbo la anwani moja

Kila kifaa kilicho kwenye intaneti hutambuliwa kwa anwani ya namba. Utaratibu wa anwani uliotangazwa mwaka 1981, ambao ungali ukitumika, una tarakimu 32 za uwili, yaani sifuri au moja. Idadi ya anwani zinazowezekana ni 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 32, nayo ni 4,294,967,296. Watu duniani wamezidi bilioni 8, na wengi wana vifaa zaidi ya kimoja. Ni dhahiri kwamba anwani hazitoshi. Utaratibu mpya wenye tarakimu 128 umekwisha kubuniwa na unaenea, ila ule wa zamani haujaondoka.

Kampuni ya simu, kwa hiyo, huipa nyumba anwani moja tu. Vifaa kumi vitaitumiaje anwani moja? Jibu lake Mtanzania amelijua tangu zamani, maana ndivyo barua zilivyofika vijijini. Shule yenye wanafunzi 400 ilikuwa na sanduku la posta moja mjini Shinyanga. Barua zote ziliandikwa namba ya sanduku hilo. Karani wa shule alizichukua, akasoma jina la mwanafunzi, akampelekea darasani. Posta haikuhitaji kujua mwanafunzi analala bweni gani. Karani ndiye aliyejua.

Kompyuta ya lango ni karani wa namna hiyo. Simu ya mwanafunzi inapotuma ombi, ombi hilo hukatwa katika vipande vidogo viitwavyo pakiti. Lango hufuta anwani ya ndani iliyoandikwa juu ya pakiti, huandika anwani ya nje badala yake, na huweka katika daftari lake kumbukumbu ya namba ya mlango ambayo pakiti hiyo imetokea. Jibu likirudi na namba hiyo, lango hutazama daftari, hurudisha anwani ya ndani, na kuipeleka pakiti kwa mwenyewe. Namba za milango ni 65,536, hivyo daftari lina nafasi ya kutosha kwa kaya yoyote. Ufundi huu ulielezwa rasmi mwaka 1994.

Yalitengwa pia mafungu matatu ya anwani za matumizi ya ndani: zinazoanza na 10, zinazoanza na 172.16 hadi 172.31, na zinazoanza na 192.168. Anwani hizi hazisafiri kwenye intaneti ya nje. Kwa sababu hiyo, kaya ya Geita na kaya ya Kahama zinaweza kutumia anwani zilezile bila kugongana, kama vile kila shule inavyoweza kuwa na Kidato cha Pili A.

3. Kwa nini mfumo wa jamii ya Unix

Unix ni mfumo wa kuendeshea kompyuta ulioanzishwa mwaka 1969 katika maabara za Bell, Marekani, na Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwaka 1991 Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alitangaza kiini cha mfumo unaofanana nao, nacho kikaitwa Linux. Mfumo huu hupatikana bila malipo, hukubali kompyuta za zamani, na kazi ya kupitisha pakiti imo ndani ya kiini chenyewe. Tanzania nayo si mgeni katika uwanja huu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa na makao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice.

Maelezo yanayofuata yanatumia Linux ya aina ya Debian. Aina nyingine hutofautiana kwa mambo kama majina ya mafaili. Kanuni ni zilezile.

4. Vifaa

Vinahitajika vitu vinne: kompyuta yenye kadi mbili za mtandao, modemu au kifaa cha kampuni kinacholeta intaneti, kifaa cha kurusha Wi-Fi ndani ya ua, na waya za mtandao. Waya mmoja usizidi meta 100. Kadi moja ya kompyuta hutazama nje, nyingine hutazama ndani. Zisichanganywe, ni vema zibandikwe karatasi zenye maneno NJE na NDANI.

Umeme ni jambo la kupimwa kwa uangalifu. Kompyuta kubwa ya zamani itumiayo wati 80 ikiwaka usiku na mchana hula uniti 1.92 kwa siku, yaani uniti 57.6 kwa siku 30. Kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja itumiayo wati 5 hula uniti 3.6 tu kwa muda huohuo. Familia inayonunua umeme wa LUKU kidogokidogo itaona tofauti hiyo katika mwezi wa kwanza. Kompyuta ya mapajani iliyovunjika kioo hufaa sana, kwa kuwa hutumia umeme kidogo na betri yake hulishikilia lango umeme ukikatika.

5. Hatua za kujenga lango

Amri zote zilizo hapa hutolewa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa mfumo, na fundi awe ameketi mbele ya kompyuta yenyewe.

Hatua ya kwanza ni kuzitambua kadi kwa amri hii:

ip link

Katika mfano wetu kadi ya nje inaitwa enp1s0, na ya ndani enp2s0. Msomaji aweke majina atakayoyaona kwake. Kadi ya nje huachwa ipokee anwani kutoka kwenye kifaa cha kampuni.

Hatua ya pili ni kuipa kadi ya ndani anwani isiyobadilika:

ip addr add 192.168.10.1/24 dev enp2s0
ip link set enp2s0 up

Alama /24 maana yake ni kwamba sehemu tatu za mwanzo ni za kaya nzima, na ya mwisho ni ya kila kifaa. Hutoka nafasi 254 zinazoweza kutumika. Ikiwa kifaa cha kampuni nacho kinatumia anwani za 192.168.10, lazima fungu jingine lichaguliwe kwa upande wa ndani. La sivyo lango halitajua nje ni wapi na ndani ni wapi. Amri hizi hupotea kompyuta ikizimwa. Zikishafanya kazi, anwani iandikwe katika faili /etc/network/interfaces ili idumu.

Hatua ya tatu ni kuiruhusu kompyuta kupitisha pakiti za wengine. Kwa kawaida kompyuta hupokea zilizo zake tu na kuzitupa nyingine.

sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1

Ili ruhusa hii idumu, maneno net.ipv4.ip_forward=1 huandikwa katika faili ndani ya /etc/sysctl.d, jina lake likiishia na .conf.

Hatua ya nne ndiyo kumwajiri karani. Majina kaya, toka na pita yamebuniwa. Mfumo hukubali jina lolote.

nft add table ip kaya
nft 'add chain ip kaya toka { type nat hook postrouting priority 100 ; }'
nft add rule ip kaya toka oifname "enp1s0" masquerade

Neno la mwisho huagiza kwamba kila pakiti itokayo kwa kadi ya nje ivikwe anwani ya lango.

Hatua ya tano ni kuweka mlinzi. Karani hugawa barua, lakini si kazi yake kuwazuia wageni wasioalikwa.

nft 'add chain ip kaya pita { type filter hook forward priority 0 ; policy drop ; }'
nft add rule ip kaya pita ct state established,related accept
nft add rule ip kaya pita iifname "enp2s0" oifname "enp1s0" accept

Kanuni ya kwanza hukataa kila kitu. Ya pili hukubali majibu ya mazungumzo yaliyokwisha anzishwa. Ya tatu huwaruhusu watu wa ndani kuanzisha mazungumzo na nje. Wa nje hawezi kuanzisha mazungumzo na kifaa cha ndani. Kompyuta ya lango yenyewe nayo yahitaji kinga ya namna hiyohiyo, kwa mnyororo wa pembejeo uitwao input, unaokubali yatokayo ndani na majibu tu. Kazi ikikamilika, kanuni zote huhifadhiwa hivi:

nft list ruleset > /etc/nftables.conf
systemctl enable nftables

Hatua ya sita ni kuvipa vifaa vya ndani anwani zao na kuwatafsiria majina ya tovuti kuwa namba. Programu ndogo iitwayo dnsmasq hufanya kazi zote mbili. Mistari mitatu yatosha katika faili lake /etc/dnsmasq.conf:

interface=enp2s0
bind-interfaces
dhcp-range=192.168.10.50,192.168.10.150,12h

Kila simu itakayoingia itakopeshwa anwani kwa saa 12, na itaelekezwa kwenye lango bila mtu kuandika chochote. Kifaa cha kurusha Wi-Fi kiwekwe katika hali ya kupitisha tu, utaratibu wake wa kugawa anwani ukiwa umezimwa. Makarani wawili katika ofisi moja huleta mvurugano.

6. Kujaribu na kutafuta kasoro

Ukaguzi hufanywa kutoka kompyuta ya ndani kwa amri ping, na kwa mpangilio. Kwanza 192.168.10.1: isipojibu, kasoro iko kwenye waya, Wi-Fi au hatua ya pili. Pili, namba yoyote ya nje inayojulikana, mfano 8.8.8.8: isipojibu, ingawa lango lenyewe linaifikia namba hiyo, itazamwe hatua ya tatu, ya nne na ya tano. Tatu, jina la tovuti: namba ikijibu na jina lisijibu, kosa ni la dnsmasq. Anayefuata mpangilio huu hupata kasoro upesi. Anayebahatisha hubomoa hata yaliyokuwa mazima.

7. Kugawa kwa haki

Kuwa na njia moja si sawa na kuigawa vema. Tuseme njia ni ya megabiti 10 kwa sekunde. Kitabu cha megabaiti 20 ni megabiti 160, hivyo hushuka kwa sekunde 16. Watu watano wakigawana sawa, hushuka kwa sekunde 80, jambo linalovumilika. Shida ni kwamba bila usimamizi hawagawani sawa. Kijana mmoja akipakua filamu, pakiti zake hujazana katika foleni, na mama anayezungumza na mtoto aliyeko Mwanza husikia maneno yaliyokatika.

Tangu mwaka 2018 kiini cha Linux kina utaratibu uitwao cake, ambao huwapa zamu wote waliomo kwenye foleni:

tc qdisc replace dev enp2s0 root cake bandwidth 9mbit dual-dsthost
tc qdisc replace dev enp1s0 root cake bandwidth 4mbit nat dual-srchost

Amri ya kwanza husimamia yanayoingia nyumbani, ya pili yanayotoka. Namba 9 na 4 ni za mfano wa njia ya megabiti 10 za kushusha na 5 za kupandisha. Namba hizo ziwe chini kidogo ya kasi halisi, ili foleni ifanyike ndani ya lango ambako kuna msimamizi, isifanyike mnarani ambako kaya haina sauti. Amri hizi nazo zahitaji kurudiwa kila kompyuta inapowashwa.

8. Hadhari

Kanda ya Ziwa ina radi nyingi. Waya wa mtandao uliotandazwa hewani kati ya nyumba mbili unaweza kuingiza msukumo wa umeme na kuunguza vifaa vya pande zote mbili. Kati ya nyumba na nyumba ni heri kutumia Wi-Fi, na mawingu yakitanda, plagi na waya za nje vichomolewe. Vumbi jekundu la machimboni nalo huziba feni. Kompyuta isafishwe mara kwa mara.

Jambo la pili ni wajibu. Kwa kuwa ulimwengu wa nje huona anwani moja, ovu lolote litakalotendwa na yeyote uani litaonekana limetoka kwa mwenye njia. Neno la siri la Wi-Fi lisigawiwe ovyo. Tena, kuwagawia watu wa nyumba yako ni jambo moja, na kuwauzia umma huduma ni jambo jingine. Biashara hiyo huhitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Elektroniki na Posta ya mwaka 2010. Masharti ya mkataba wa kampuni yasomwe pia.

9. Faida iliyo zaidi ya bei

Mwezi Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na intaneti ya Tanzania ikazorota. Kaya yenye lango lake ina akiba kwa siku za namna hiyo. Kompyuta hiyohiyo inaweza kuhifadhi nakala nzima ya Wikipedia ya Kiswahili kwa programu ya Kiwix, pamoja na vitabu vya kiada vilivyopakuliwa kwa njia halali. Mwanafunzi huvisoma kwa simu yake kupitia Wi-Fi ya ndani, bila kutumia hata baiti moja ya nje.

Mchimbaji naye ana lake. Bei ya dhahabu hutangazwa London mara mbili kwa siku za kazi, kwa dola kwa aunsi, na aunsi hiyo ni gramu 31.1. Tuseme aunsi moja ni dola 2,400: gramu moja ya dhahabu safi ni takriban dola 77.2. Dhahabu yenye usafi wa asilimia 90 huwa takriban dola 69.5 kwa gramu. Tangu Machi 2019 Geita ina soko lake la dhahabu. Anayekwenda sokoni akiwa amefanya hesabu hiyo asubuhi nyumbani hawezi kuambiwa bei yoyote tu akaikubali. Kifurushi cha mtoto kikiwa kimeisha na cha baba kimeisha, hesabu hiyo haifanyiki, na hasara yake haionekani popote isipokuwa mfukoni.

Maswali ya kujipima

1. Kaya mbili zilizo Kahama na Geita zinatumia anwani ileile 192.168.10.50. Kwa nini hakuna mgongano?

2. Kompyuta ya lango hutumia wati 30. Itakula uniti ngapi kwa siku 30 ikiwaka saa 24? Na ikizimwa saa 8 kila usiku?

3. Simu inaifikia namba 8.8.8.8 lakini haifungui tovuti yoyote kwa jina. Fundi aanze kutazama wapi, na kwa sababu gani?

4. Njia ni ya megabiti 6 kwa sekunde na watu watatu wanagawana sawa. Kitabu cha megabaiti 30 kitashuka kwa sekunde ngapi kwa mmoja wao?

Majibu ya hesabu: swali la 2, uniti 21.6 na uniti 14.4, swali la 4, sekunde 120.